Mashine Haijazinduliwa

Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe na kuzungushiwa utepe mwekundu. Benadetha aliitazama kupitia mlango wa chumba cha vipimo, kiganja kifuani. Chini ya kiganja, vali ya chuma aliyowekewa moyoni ililia tik, tik. Binti yake Koku alizoea kusinzia kwa mlio huo.

Lakini Jumapili, katikati ya misa kule Muleba, maneno yalimpotea kinywani. Yaliporudi, daktari wa huko alimwandikia rufaa bila hata kukaa. "Vali ikijifunga vibaya, mapovu hutokea kwenye damu, yanapanda kichwani, yanaweza kukupoozesha. Mashine ya Bukoba huyasikia. Nenda leo."

"Haijazinduliwa," alisema Muksini, mtaalamu wa vipimo pale Bukoba, macho chini. "Mgeni rasmi anakuja Ijumaa. Nikigusa utepe, kazi sina."

"Lakini inafanya kazi, waitu?" Benadetha alimsihi kwa Kihaya.

"Inafanya. Tuliijaribu kabla ya kuifunga."

"Mlimpima nani?"

"Dereva wetu. Mzima kama ng'ombe."

Benadetha akaenda kusubiri kwa wifi yake, mtaa wa Hamugembe. Usiku aliongea peke yake kwa sauti ya chini, kuhakikisha maneno bado yapo.

Ijumaa palikuwa na turubai, viti vilivyovalishwa vitambaa, na spika kubwa mbili. Katibu wa hospitali, Bi Farida, alipita kwenye benchi la wagonjwa akasimama ghafla mbele ya Benadetha.

"Ni wewe unayelia tik tik hivyo? Safi. Utatufaa."

"Nitapimwa?"

"Mbele ya mgeni rasmi, tena. Ukipewa maikrofoni, shukuru. Usianze habari za kusubiri."

Mashine ilitolewa nje. Utepe ukakatwa, vigelegele vikapigwa. Benadetha akalazwa kitandani, akafunikwa kanga, Muksini akampaka jeli na kuweka kichwa cha mashine kifuani. Mlio ukatoka kwenye spika: tik, tik. Kisha, katikati ya mapigo, mchakacho, kama mahindi yanayopasuka kwenye chungu kikavu.

"Huyu mama kameza saa ya ukutani," alisema mgeni rasmi. Turubai zima likacheka.

Muksini hakucheka. Aliinama. "Mama Koku, hayo ndiyo mapovu. Ni mengi. Tulia hivyo hivyo, nirekodi. Bila rekodi, hospitali ya rufaa Mwanza hawakupokei." Akamgeukia Bi Farida. "Naomba dakika chache, na daktari aitwe."

"Baada ya chakula."

"Bi Farida, huyu hawezi kungoja chakula."

"Muksini. Mgeni anawahi ndege. Ratiba niliiandika mimi?"

Kijana wa muziki alikuwa ameshika waya wake, akitafuta pa kuuchomeka. Bi Farida akamwonyesha kwa kidole soketi ya mashine. Kijana akachomoa waya wa mashine, akachomeka wake. Mchakacho ukakatika, kioo kikawa cheusi, na wimbo wa kumkaribisha mgeni ukaanza. Watu wakasimama kucheza.

"Bado picha," alisema mpiga picha. "Mtaalamu, rudisha hicho kitu kifuani."

"Imezimwa."

"Haitaonekana."

Muksini alimtazama Bi Farida. Kisha akakirudisha kifuani pa Benadetha. Mgeni rasmi akasogea, akamwekea mkono begani.

"Mama, tabasamu kidogo," alisema mpiga picha.

Benadetha alijaribu. Upande mmoja wa mdomo ulipanda. Mwingine ulibaki ulipokuwa.

Mpiga picha akaangalia kamera yake, akatikisa kichwa. "Turudie," alisema. "Mama hajawa tayari."