Ng'ombe wa Upande wa Mama

Nyamizi binti Luhaga alikuwa na kipaji kimoja ambacho mradi wa maji pale Bariadi ulikithamini kuliko hata pampu zake: alijua kutafsiri. Mlangoni kwake paliandikwa Ofisa Mawasiliano, lakini kazi yenyewe ilikuwa kusimama kati ya mzungu na mwananchi na kuhakikisha hakuna anayeudhika. Mama wa kijiji cha Migato akiinuka mkutanoni na kusema kwa Kisukuma kwamba bomba lenu halijatoa hata tone tangu siku mlipopiga nalo picha, Nyamizi aliwageukia wafadhili na kusema kwa Kiingereza safi, "Mama anashukuru, anaomba ushirikiano uendelee." Wafadhili walipiga makofi. Mama naye alipiga makofi, akidhani amesikika. Mtu akiishi miaka sita namna hiyo, ulimi unazoea.

Katika mradi huohuo alimpata Wouter, Mholanzi mrefu na mpole, aliyetolewa katika nchi isiyojua pa kuyapeleka maji yake aje kuwafundisha watu wa Simiyu namna ya kuyatumia. Walipendana kweli, hilo mtu asilitilie shaka. Harusi ilipangwa iwe Septemba, kanisani Mwanhuzi, na kadi zilikuwa zimeshachapwa. Kilichobaki ni neno la baba yake, na mzee Luhaga hakuwa mtu wa kutoa neno kwa simu.

"Sijamkataa huyo Wauta," alisema mzee, Nyamizi alipokwenda nyumbani kumbembeleza. "Lakini sijapata kumtoa binti aende kwenye boma nisilolijua. Kwanza niende kwao nikawaone ng'ombe. Nikishaona wanavyotunzwa, nitajua na wewe utatunzwaje."

Hakuwa anadai jambo geni. Kule kwao Meatu, kabla ng'ombe wa mahari hawajaswagwa, wazee wa upande wa binti huenda kwa wakwe kuwakagua mmoja mmoja, na mwenye mbavu za kuhesabika hukataliwa palepale. Nyamizi alijua vilevile kwamba wazazi wa Wouter hawakuwa na hata kuku. Lakini wiki hiyohiyo ilikuja barua pepe: wazazi hao walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa, wamekata tiketi za meli ya kitalii, siku saba kwenye mito na mifereji kutoka Amsterdam mpaka Ghent, na wangefurahi sana baba wa bibi harusi akijiunga nao.

Nyamizi alisoma barua ile mara tatu, kisha akaitafsiri kwa namna yake. "Baba," alisema, "wakwe wanakuita ukakague ng'ombe." Wakwe nao aliwaandikia yao bila Wouter kujua, mambo ambayo tutayafikia.

Viza ikatoka. Mzee Luhaga akavaa koti lake la sikukuu, akachukua fimbo, wakapanda ndege Mwanza, yeye, binti yake na Wouter.

Meli yenyewe ilimshangaza. Ilikuwa ndefu kama jengo la halmashauri lililolazwa ubavu, na ndani yake walijaa wazee watupu, wa mikongojo, wa magongo ya kusukuma, wa vidonge vya asubuhi na vya jioni. "Hii ni hospitali?" aliuliza kwa Kisukuma, lugha aliyoitumia siku zote kwa binti yake. Nyamizi alimweleza kwamba ni mapumziko. Mzee akauliza wanapumzika kutokana na nini, maana wamestaafu.

Baba yake Wouter aliitwa Meindert, mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusema, mwenye darubini shingoni. Mkewe, Tineke, alimpokea mzee Luhaga kwa kupiga goti kidogo na kuinamisha kichwa, na kila asubuhi iliyofuata alifanya hivyohivyo mbele ya meza ya mayai. Mzee alifurahi sana. "Huyu mama amelelewa," alisema. "Siku hizi hata kwetu wanakusalimia wamesimama wima, simu mkononi."

Siku ya kwanza, walipotoka mjini na kuingia kwenye mfereji, pande zote mbili zilifunguka malisho ya kijani yaliyokuwa chini kuliko maji yenyewe, na humo ng'ombe weupe wenye mabaka meusi, viwele vimejaa hadi vinawasumbua kutembea. Meindert akainyanyua mikono. "Tazama!" alisema kwa Kiingereza. "Ng'ombe wetu! Lita thelathini kwa siku kila mmoja!"

Alisema wetu kama Mtanzania anavyosema Serengeti yetu, bila kumiliki hata swala. Nyamizi alilijua hilo vizuri sana. Lakini neno ni neno, na yeye alilitafsiri kama lilivyo. "Anasema ng'ombe wetu, baba. Lita thelathini kwa siku." Hakuongeza kitu. Huo haukuwa uongo hata kidogo, alijiambia, na akanywa kahawa yake kwa amani.

Mzee Luhaga aliomba darubini. Aliwatazama ng'ombe wale mpaka meli ikawaacha. "Wazuri," alisema. "Ila yule wa tatu kutoka kwenye lango anachechemea kwato ya nyuma. Mwambie simchukui."

"Anasema mandhari inampendeza sana," Nyamizi alimwambia Meindert.

Meindert alifurahi mno kusikia hivyo. Tangu saa ile akajipa kazi ya kumwita mgeni wake kila walipotokea ng'ombe. Alijifunza hata kusema "ng'ombe" kwa taabu, pua yote ikishiriki, na alikuwa akimkimbilia mzee mpaka mlangoni kwa kinyozi wa meli. Abiria wengine walitazama makanisa, wawili hawa wakatazama malisho. Mzee alichagua, alikataa, alisifu mapaja na kulaumu miguu. Nyamizi akawa anatafsiri hali ya hewa.

Siku ya tatu wakashushwa Kinderdijk kuona vinu vya upepo. Walipewa dakika arobaini na tano, kila mmoja na kidude sikioni, wakimfuata msichana mwenye kibendera. Wouter alieleza kwa Kiswahili chake cha semina kwamba vinu vile vilijengwa zamani ili kuyatoa maji mashambani na kuyamwaga mtoni, yaende baharini.

"Wanayamwaga," alirudia mzee Luhaga.

"Ndiyo, baba. Maji ni changamoto."

Mzee alimtazama kijana yule aliyetumwa Migato kutafuta maji, akavitazama vinu, kisha akasema wacha akae kwenye meli apumzike na yeye. Walipokuwa wakirudi, kwenye ngazi ya meli, alimuuliza Nyamizi kwa Kisukuma, taratibu, akimwita mama kama wazee wa kwao wanavyowaita binti zao, "Mayu, hawa ng'ombe wote tunaowapita, una hakika ni wa mkwe?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Angeingia, angesema baba nisamehe, na mambo yangeishia kwenye ngazi ile ya meli. Nyamizi aliona aibu, akaona kadi za harusi, akaona baba yake anafunga sanduku. "Nina hakika, baba," alisema.

Waliendelea kula mara sita kwa siku. Meli iliingia kwenye milango ya maji, ikafungiwa, ikapandishwa, ikafunguliwa, na wazee wakapiga makofi kama vile wao ndio walioinyanyua. Katika mji mmoja walionyeshwa kanisa na chokoleti. Mji mwingine ulikuwa na chokoleti na kanisa. Abiria mmoja alilalamika mezani kwamba miji hii imeharibiwa na watalii, huku akipanga foleni ya kushuka.

Siku ya tano walikuwa wamevuka mpaka na kuingia Ubelgiji, kwa Waflemi. Hakuna aliyeugundua mpaka ule isipokuwa mzee Luhaga, maana ng'ombe walibadilika. Hawa walikuwa weupe, wamejaa nyama mpaka mapaja yanapasuka, na hakuna hata mmoja mwenye baka jeusi. Mzee alishusha darubini.

"Na hawa pia ni wa mkwe?"

Maji yalikuwa yamemfika Nyamizi shingoni, na mtu wa hivyo hushika chochote. "Hawa," alisema, "ni wa upande wa mama yake Wouter."

Mzee Luhaga alimtazama binti yake muda mrefu kuliko alivyowatazama ng'ombe wote. "Sawa, mayu," alisema, akamrudishia Meindert darubini yake. Nyamizi alishusha pumzi. Alidhani amepona.

Mchana wa siku ya saba, meli imefungwa gatini Ghent, palifanyika chakula cha kuagana na cha kuwapongeza wanandoa. Kila mgeni aliombwa aseme neno. Zamu ilipomfikia mzee Luhaga, alisimama, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, na Nyamizi akasimama kando yake, tabasamu la kazini likiwa tayari.

Mzee akaanza kusema kwa Kiswahili.

Siku saba hakumsemesha binti yake ila Kisukuma, na Wouter hakuambulia neno la mazungumzo yao. Sasa alikuwa anakwenda polepole, kama mtu anayemsomea mtoto, na ingawa maneno yalikuwa ya kumwambia Meindert, macho yake yalikuwa kwa Wouter.

"Mkwe, nimekula chakula chako, nimelala vizuri, asante. Binti yangu aliniambia umeniita nikague ng'ombe wa mahari. Nimewaona zaidi ya mia mbili. Siku ya pili nikajua si wako. Tulipita hatua ishirini tu kutoka kwao, ukaniita mimi, wao hukuwaita. Mtu hapiti ng'ombe wake ameshika kikombe cha kahawa. Angalau angepiga mluzi."

Wouter alikuwa ameacha kutafuna.

"Nikanyamaza, nikasema nimpe binti yangu nafasi. Nikamuuliza kwenye vile vinu. Nikamuuliza tena tulipofika kwa hawa weupe. Akanipa ng'ombe wa upande wa mama." Mzee alikohoa kidogo. "Ng'ombe si tatizo. Asiye nao anasema sina, tunakaa, tunazungumza. Mimi nina swali moja tu. Mimi ameniongopea siku saba. Wewe amekuambia nini juu yangu?"

Akaketi. Meza nzima ikamgeukia Nyamizi, kwa zile nyuso za wema za watu wanaosubiri kusikia kwamba mgeni kutoka Afrika ameshukuru.

Na sentensi ilikuwepo. Baba anashukuru, anaomba ushirikiano uendelee. Ilikaa ncha ya ulimi, imelainika kwa miaka sita ya matumizi. Lakini Wouter alikuwa amesikia kila neno, na sasa alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hakupata kumtazama. Nyamizi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akatafsiri. Alitafsiri kikombe cha kahawa, akatafsiri mluzi, akatafsiri neno kuongopa bila kulipaka mafuta.

Meindert hakucheka. Aliweka uma chini, akasema kwa Kiingereza, na Nyamizi akayarudisha kwa Kiswahili.

"Anasema mimi nilimwandikia kwamba wewe ni chifu. Kwamba mahari mliacha zamani. Kwamba uliibariki ndoa yetu tangu mwaka jana, kwa sherehe kubwa. Anasema ndiyo maana mama Wouter anakupigia goti kila asubuhi. Goti lenyewe linamuuma, lakini aliambiwa ni lazima kwa chifu."

Tineke alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mzee Luhaga alimtazama mama yule kwa huruma ya kweli. "Mwambie pole," alisema. "Mimi nilidhani ni malezi."

Meindert aliendelea, safari hii akimtazama mzee mwenyewe machoni, bila kumpitia mtu. Alisema maneno machache. Nyamizi aliyachukua moja moja, hakuongeza chumvi wala kupunguza, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya tangu aajiriwe.

"Anasema hana ng'ombe hata mmoja. Ana baiskeli mbili na bustani ndogo ya vitunguu. Anasema anaona haya kwamba ulikuja kwa jambo zito na yeye akakupeleka kula chokoleti. Anaomba umwambie, mtu kama yeye, kwa binti kama huyu, anatakiwa alete nini."

Mzee Luhaga alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. Nyamizi alipoona hivyo alidhani mambo yamekwisha.

Kisha mzee akamgeukia Wouter. "Eti, Wauta. Ndivyo alivyosema baba yako?"

Wouter alimtazama Nyamizi, akatazama sahani. "Ndiyo, baba," alisema. "Safari hii, ndivyo."

"Haya," alisema mzee Luhaga, akavuta kiti chake karibu na kile cha Meindert. "Tuzungumze."

Walizungumza mpaka wahudumu wakaondoa vitambaa mezani. Nyamizi alitafsiri kila kitu, neno kwa neno. Na kila alipomaliza sentensi, wazee wote wawili walimtazama kwanza Wouter, wakasubiri aitikie kwa kichwa.