Mvuke wa Ijumaa

Katika kiwanda kimoja cha chai karibu na Ikonge kulikuwa na kichwa cha treni kisicho na moto wala moshi. Tangi lake lilijazwa maji ya moto na mvuke kutoka kwenye boila ya kiwanda, kikavuta mabehewa ya kuni mpaka presha ikapungua, kisha kikarudi kujazwa tena. Kuni kavu na cheche havikai pamoja, ndiyo maana kilipendwa. Bosire, dereva wake, alikipenda kuliko wote, maana kilimpa kiburi, na kiburi si maungwana.

Boila ilizimwa kila Ijumaa jua likielekea kutua, kwa kuwa wafanyakazi wengi ni Wasabato. Lakini Jumamosi hiyo meneja alitaka kuni zipandishwe mlimani hadi kiwandani, ili boila iwashwe mapema Jumapili. Bosire akamfuata mdogo wake Mokua, mfunga mabehewa, mlangoni mwa kanisa.

"Leo ni Sabato, ndugu yangu," Mokua akasema.

"Kilichokatazwa ni kuwasha moto. Huu mvuke ni wa jana, kama chakula mke wako Persis alipika jana. Hicho si utakula?"

Mokua akakataa. Akakataa tena. Lakini kwao mkubwa habishiwi hadharani, naye akafuata, na shati lake jeupe la kanisani.

Chakula kilicholala hupoa, na mvuke vilevile. Hata mtoto wa darasa la pili angemwambia. Geji ya presha ilisoma chini. Bosire aliiona, akajipa moyo. Katikati ya mwinuko magurudumu yakasimama, na breki nayo ilitegemea mvuke uleule. Mokua akaruka chini, akainama nyuma kutia gogo kwenye gurudumu. Mabehewa yakamrudia kimya kimya.

Jumatatu Bosire aliketi mbele ya Persis, sasa mjane. Wazee wa kanisa walikuwa kando, na swali lao lilijulikana: je, Mokua alivunja Sabato kwa hiari yake? Bosire angeweza kusema walikubaliana. Lawama ingegawanyika.

"Shemeji," Persis akauliza, "yeye alikataa?"

"Alikataa. Mara mbili. Mimi ndio nilimvuta."

Persis akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba mabega yake yakalegea.

"Basi yeye atafufuka na wenye haki," akasema.

Kisha akainuka kuwapokea wageni. Bosire akabaki ameketi, na wazee hawakumtazama.