Koti la Mkuu

Fundi cherehani alipiga magoti kwenye zulia, akazungusha futi kwenye kiuno cha Mkuu wa nchi, na ndani ya tumbo mtu akakohoa. Alikijua kikohozi hicho. Kilikuwa cha mdogo wake, mwalimu, aliyechukuliwa darasani baada ya kusema hadharani kwamba kura ziliibwa.

"Kaka, ni wewe?" sauti ikauliza kutoka chini ya shati la Mkuu.

"Ni mimi. Mko wengi humo?"

"Tumebanana, ila tunazoeana. Waliotangulia wameshika nafasi za kwenye mbavu."

Mkuu alikuwa akisoma gazeti kwa kusimama. Hakuwa mtu wa kuficha mambo. "Unakumbuka kabla yangu, fundi? Mitaa inawaka, maiti mitaroni. Nani angeyamaliza yale kwa maneno matamu?" Akafunua ukurasa. "Usidhani napenda. Wananipa kiungulia kibaya sana."

Fundi alikumbuka. Duka lake la kwanza liliteketea pamoja na cherehani zote, na ni mtu huyuhuyu aliyewanyamazisha waliolichoma. Alimshukuru kwa hilo na alimchukia kwa hili, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mkasi mkubwa mfukoni mwa aproni. Mlangoni, mlinzi alikuwa akipiga miayo.

"Mama anaendeleaje?" mdogo wake akauliza.

"Hajambo. Siku hizi analala mlango wazi, kama mtaa mzima."

"Afadhali," mwalimu akasema. "Lakini kaka, koti la mwaka jana ulilibana mno. Tulikosa hata pumzi."

Fundi aliona aibu. Koti lile alikuwa akijivuna nalo kila kijiwe, maana magazeti yaliandika kwamba Mkuu amepungua. Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Akapima kiuno upya, bila kukaza.

Dukani alikata kitambaa kwa upana, akaacha cha ziada ndani ya mishono, kama anavyowaachia watoto wa shule, ili koti likihitaji kutanuliwa asihangaike. Alishona huku akilia, na mshono haukupinda.

Mkuu alilijaribu mbele ya kioo, akajipapasa tumbo.

"Hili sasa ndilo koti," akasema. "Lina nafasi ya wengine wawili watatu."

Fundi akashukuru, akamfunga kifungo cha mwisho.