Siku Nilipozimisha Simu za Watu

Mdogo wangu tunamwita Hesabu tangu darasa la tatu. Kampuni ya simu ilipomwajiri, nilitangaza mtaa mzima kabla hata hajavaa kitambulisho. Ndivyo nilivyo. Nashona nguo sebuleni, mlango wazi, na watu hawapungui: wa kupima, wa kusengenya, na waliofuata wenzao tu.

Kazi yake alinieleza kwa vifungo vyangu.

"Dada, simu zikiwa nyingi, data ikipita hewani, nyingine inapotea. Nakutumia saba, nakutumia tano. Tano ikipotea, simu inaomba irudiwe, na wote nyuma wanasubiri. Mimi natuma na jumla yake, kumi na mbili. Ukipata saba na kumi na mbili, tano utaipataje?"

"Natoa tu!"

"Basi. Hakuna kusubiri."

Akachagua nyumba yangu kwa jaribio. Akaweka kisanduku chake cha kurushia data juu ya kabati la vitambaa, simu ya majaribio akaiacha mezani. Jumamosi mchana, saa nzima njia ya zamani, saa nzima ya kwake, naye atafuatilia kutoka ofisini. Njia yake isipoishinda ya zamani, bosi anaufunga mradi Ijumaa inayofuata.

"Ishi kama kawaida, dada. Usibadilishe kitu."

Jumamosi walijaa watu ishirini na wawili, nusu yao wanatazama video. Nikawaza, hawa watamharibia mtoto wa mama yangu. Nikapiga makofi.

"Jamani, zimeni simu! Zote!"

Jirani yangu, Mama Redio, akashika kifua. "Hata yangu? Si bora unizime mimi?"

"Nawe zamu yako inakuja."

Kwa saa mbili simu zililala kwenye kapu. Nikajiona nimefanya la maana.

Jumatatu akaja macho yamevimba. "Njia zote mbili sawa, dada. Yangu hata imechelewa kidogo, maana inabeba zile jumla. Hakuna kilichopotea. Nyumba imejaa watu, na hewani hakuna msongamano! Basi ugonjwa ninaoutibu haupo."

Mguu wangu ukagoma kwenye cherehani. Mimi huyu, mdomo usio na mlango, nikashika birika. "Kunywa chai," nikamwambia.

Jumanne alirudia hesabu zake ukurasa kwa ukurasa kwenye meza yangu ya kukatia. Jumatano pia. "Nimekosea wapi?" anajiuliza, nami nashona mshono uleule, nafumua, nashona.

Alhamisi mchana akafunga daftari. "Namwandikia bosi aufunge tu."

"Usiandike." Sauti ilinitoka kama ya mwizi. "Niliwazimisha simu. Wote. Nilitaka ufaulu."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Siku tatu, dada. Siku tatu unaniona."

Angenitukana ningepata nafuu. Akafungua tena daftari. "Waite. Simu zote wazi."

Nilipita mlango kwa mlango, utepe wa kupimia bado shingoni. Kila aliyeuliza kuna nini, nilianza na kosa langu. Umbeya nimesambaza mwingi maishani, ila huu unaonihusu mwenyewe niliusema nikitazama chini kila mlango.

Wakajaa, video zikapiga kelele. Njia ya zamani ikakwama, ikaomba, ikakwama. Ya kwake ikapita kama nyumba haina mtu. Vigelegele vikalipuka. Hesabu akamrukia Mama Redio, akamkumbatia.

Mimi alinipa kisanduku nimshikie.