Mate Kwenye Kichupa

Mume wangu hawezi kukaa nusu saa bila kutafuna kitu. Basi kituo cha lishe kilipomtaka ateme mate kwenye kichupa, akiwa hajala chochote kwa nusu saa, ili wapime vinasaba na kumpangia chakula kinachoufaa mwili wake, nilijua hapo pana kazi. Lakini kichupa kilirudi kimejaa. Nikampongeza, mjinga mimi.

Majibu yakaja: nyama, siagi, mayai, ale bila wasiwasi. Nyumba haikukalika! "Sayansi imesema," ananiambia, sahani mkononi, aongezewe. Nikakaanga mpaka mapazia yakanuka. Mama yake, tunayeishi naye, nikawa namchemshia mboga zisizo na chumvi, maana mtu mzima ni wa kutunzwa. Mwanawe akafura, vifungo vya shati vikasalimu amri.

Jana tuko mezani, mtaalamu wa kituo akapiga simu. Nikaweka spika.

"Yule mama anaendeleaje?"

"Mama gani? Mlimpima mume wangu!"

"Dada, vinasaba hivi ni vya mwanamke."

Nikamgeukia bwana. Mdomo umejaa, macho yako darini.

"Nilikuwa na karanga mfukoni," akanong'ona. "Nikamwomba mama anitemee."

Mama mkwe wala hakugomba. Alivuta sahani ya nyama ya mwanawe, akamsukumia yake ya mboga, kisha akanitazama.

"Haya, mkwe wangu. Na siagi yangu iko wapi?"