Nyumba Isiyosalimiwa

Tangu mavuno yaliyopita hakuna mtu kijijini aliyetusalimia, mimi na mama. Yowe la wezi wa ng'ombe lilipigwa, kila nyumba ikatoa mtu wa kufuata nyayo, isipokuwa yetu. Kaka yangu Ngassa, mwanaume pekee tuliyebaki naye tangu baba afariki, alikuwa Ulyankulu kwenye vibarua vya tumbaku. Sungusungu, walinzi wa kijiji, hawakutaka kusikia hilo. Walitutoza faini ya ng'ombe, na kwa kuwa hatuna hata mbuzi, wakatutenga. Atakayetusalimia, atakayetupa moto au kututwika ndoo kisimani, naye atatoa ng'ombe.

Kujitwika maji peke yako unazoea. Mama alishindwa kuzoea jambo lingine. Alikuwa anaumwa kifua, na kila nikimnywesha uji aliniuliza swali lilelile: akifa, nani atachimba kaburi?

Ngassa, akiwa hukohuko Ulyankulu, ndiye aliyepeleka malalamiko kwenye Tume ya Haki za Binadamu. Tukangoja, hadi mimi nikaacha kungoja. Siku moja gari likaja na afisa wa Tume, Bwana Leodgar, mtu mpole mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Akaitisha mkutano uwanja wa shule.

Aliuliza kama kuna nyumba iliyotengwa. Watu wakanyamaza. Akauliza tena kwa maneno mengine. Shigela, kamanda wa sungusungu, akasimama na kusema hapa wote ni ndugu, hakuna aliyepigwa wala kufukuzwa. Wanawake niliocheza nao utotoni wakaangalia miguu yao. Bwana Leodgar akanigeukia, akaniomba nieleze. Mbele za watu sauti yangu hunikimbia. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu.

Nikaona aibu, nikataka kwenda zangu. Lakini njia ilipita mbele ya benchi la wazee, na sikulelewa kupita mbele ya wazee bila kuwaamkia. Nikampigia goti wa kwanza.

"Shikamoo, babu."

Akatazama mbali. Nikaenda kwa wa pili, na kwa aliyefuata. Wote walinyamaza. Wa mwisho alikuwa Mzee Masolwa, rafiki wa marehemu babu yangu. Midomo yake ilicheza, kisha akaifunga. Uwanja mzima uliusikia ule ukimya. Bwana Leodgar akaacha kuuliza, akawa anaandika.

Shigela naye si mjinga.

"Afisa, salamu iko kinywani mwa mtu," alisema. "Serikali itaifungulia kwa ufunguo gani?"

Watu wakacheka kidogo. Bwana Leodgar hakucheka. Alisema kumtenga mtu na kumtoza faini nje ya mahakama ni kosa, naye ataandika hivyo na kupendekeza adhabu iondolewe. Shigela akauliza kama kupendekeza ni kuamuru. Bwana Leodgar akakiri kwamba Tume huchunguza na kupendekeza. Kutekeleza ni kwa wengine, ataiandikia wilaya. Aliyasema kama mtu aliyekwisha kuyasema katika vijiji vingi. Wakati wa kuondoka aliniambia ameona kwa macho yake, na atafuatilia. Gari likaenda, tukabaki na vumbi.

Nyumbani nilipomsimulia mama, aliuliza nani ameitikia. Nikamwambia hakuna. Akageukia ukutani.

Jua lilipopoa, Mzee Masolwa alipita na ng'ombe wake nyuma ya ua wetu wa minyaa. Siku zote hupita haraka. Safari hii alisimama, akatupa mgongo, akamshika pembe maksai wa mbele.

"Marahaba, mjukuu wangu," alimwambia maksai. "Mama yako anaendeleaje?"

Sikujua kama inafaa kumjibia ng'ombe. Mama ndiye aliyejibu kutoka ndani, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi.

"Ni kikohozi tu, baba."

Mzee akamgonga maksai kwa fimbo, wakaenda. Mama akaniomba nimpashie uji. Akasema kesho nikamwamkie tena yule ng'ombe.