Mabeseni Kumi na Manne ya Rukaya

Mabeseni yalikuwa kumi na manne. Rukaya aliyahesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakutaka kuamini. Mekundu sita, ya buluu matano, na matatu yale yenye maua ubavuni ambayo sokoni Handeni huuzwa ghali kidogo. Yalikuwa yamepangwa moja ndani ya jingine kwenye kona ya sebule ya mama yake, na pembeni kulikuwa na mablanketi saba, seti tatu za sufuria, mapazia, na majagi ya maji ambayo hakuna aliyejisumbua kuyahesabu. Hela taslimu zilizokutwa kwenye bahasha zote ni elfu themanini na tano. Usajili wa chuo ulikuwa unafungwa baada ya siku tisa.

Lakini mambo haya hayakuanza na beseni. Yalianza na barua tatu za vyuo, na binti wa kidato cha sita aliyekuwa na akili ya kutosha kuchagua vizuri. Na akachagua vizuri. Ndiyo maana inauma.

Barua ya kwanza ilitoka Morogoro: udaktari wa mifugo, miaka mitano. Hiyo aliitaka tangu kidato cha pili, mwaka ule mbuzi kumi na mmoja wa mama yake walipokufa ndani ya wiki moja pale kijijini Misima. Afisa mifugo alifika na bodaboda siku ya nane, mbuzi wa mwisho ameshafukiwa. Akaandika kwenye daftari lake, akanywa maji, akaondoka. Rukaya alisimama akiangalia vumbi la ile pikipiki, akajiapiza kwamba akiwa yeye, atafika siku ya kwanza.

Barua ya pili ilitoka Dar es Salaam: ualimu wa sayansi, miaka mitatu, ada nafuu, na mkopo wa serikali ungebeba karibu yote. Tena huko alikuwa anakwenda Rosina. Rosina alikuwa binti wa wakulima wa milimani Vugiri. Miaka miwili bwenini Korogwe walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Rosina juu, Rukaya chini, na maisha yote ya chuo alishayapanga yeye: chumba kimoja, jiko moja la gesi, Jumamosi kutembea, Jumapili yeye kanisani na Rukaya ampikie wali. Kila akipiga simu alimuuliza huko Moro atakaa na nani, na ng'ombe?

Barua ya tatu ilikuwa ya chuo cha kati pale Korogwe: cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, mwaka mmoja. Aliijaza fomu ile kwa sababu mwenye steshenari alimwambia ni ya bure. Hiyo hata hakuipima.

Zile mbili alizipima wiki nzima, akipukuchua mahindi na mama yake. Dar ilikuwa na unafuu na ilikuwa na shoga yake, na msichana wa miaka ishirini asikudanganye kwamba shoga si kitu. Zipo siku alizoamka ameshaamua Dar. Lakini akiwafikiria wale mbuzi, moyo unarudi Morogoro. Mwishowe akapiga moyo konde, akaenda steshenari, akathibitisha Morogoro, na nafasi ya Dar ikafutika hapo hapo. Rosina alinuna siku mbili, akasamehe.

Barua ya Morogoro ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Kuchapa ukurasa mmoja ni shilingi mia tano. Rukaya akachapa mbili tu, ule wenye jina lake na ule wenye kiasi cha kulipa na akaunti ya benki, akarudi nyumbani akijisifu kwa kubana matumizi.

Mkopo ulitoka, ila wa chakula na malazi. Kilichobaki ni milioni moja na laki mbili, ilipwe chuoni. Mama yake, Mashavu, mjane mwenye ekari nne, aliuza magunia yote ila moja, hata yale ya kula, akapata laki sita na nusu. Akazifunga kwenye kitambaa na kumwita kaka yake.

Kwetu Uziguani mjomba si mtu wa kupewa taarifa jambo likishaisha. Mzee Isihaka ndiye mwenye neno, na neno analipenda. Anauza vipuri vya pikipiki Handeni mjini, na kwa miaka ishirini hakuna kamati ya harusi aliyokosa kuwa mwenyekiti au mhazini. Alisema nusu iliyobaki waachiwe wanaume. Akazunguka wiki mbili kwa watu aliowachangia harusi, ndoa za pili, na nyingine ambazo hazikufika hata mwaka. Walimpokea vizuri. Walimpa chai. Wakamwambia ada ni jambo la mzazi na Mungu wake. Akarudi na elfu arobaini na hasira.

"Mtu hatoi hela ya ada, Mashavu," alisema akiwa bado hajakaa. "Mtu anatoa hela akishakula. Tumfanyie mtoto sherehe ya kumuaga. Hizo laki sita ziwe za kuanzia, zitarudi mara tatu."

Mashavu aliuliza, zikipotea je?

"Zitapotea wapi, na mimi nimechangia watu miaka ishirini?"

Kisha akamgeukia Rukaya, amuulize na yeye, maana Mzee Isihaka ana roho nzuri na hilo ndilo linalozidi kuuma. Na hapa tuseme ukweli. Jumamosi iliyotangulia Rukaya alikuwa Vugiri kwenye sherehe ya kumuaga Rosina. Aliona gauni la bluu bahari, aliona keki, aliona wazee wakisimama kumpongeza binti ambaye darasani alikuwa akinakili kazi zake. Alirudi na gari la jioni hadi Korogwe, wivu umemkaba. Hakuna aliyemshikia kisu. Aliulizwa akiwa mzima, akajibu, "Sawa, mjomba."

Kamati ikaundwa, na kamati nayo inakula. Vikao vitatu vya soda na nauli za wajumbe. Dume la ng'ombe, mchele, mafuta, spika kutoka mjini, mshereheshaji mwenye viatu vyeupe. Bango likaandikwa HONGERA DAKTARI RUKAYA, ingawa daktari mwenyewe hajaliona hata geti la chuo. Shamsia, mke wa mjomba, ndiye pekee aliyeuliza kama kwenye kadi isiandikwe kwamba zawadi iwe fedha. Mzee Isihaka akamkatiza. Kuandika fedha kwenye kadi ni kuombaomba, alisema, na ukoo wake haujawahi kuombaomba. Watu wana akili, wanajua mtoto anakwenda shule.

Watu walikuwa na akili, ila walijua mila pia. Binti akitoka kwao anapewa vyombo. Awe anakwenda kwa mume, awe anakwenda chuo, awe anakwenda kuzimu, anapewa vyombo. Walipokwisha kula, shehe akaomba dua, mshereheshaji akawaita wenye zawadi, muziki ukafunguliwa, na akina mama wakaanza kuja wakicheza, mmoja mmoja, kila mmoja na beseni kichwani.

Rukaya alicheka na kupiga makofi mpaka beseni la nne. La saba lilimtoa jasho. La kumi lilipopita alimtazama mama yake na kumkuta ameshika tama, macho kwenye meza ya bahasha, meza ambayo ilikuwa tupu kama ilivyotandikwa. Mjomba alikuwa bado anacheza mbele ya spika na kitambaa begani, akiamini bahasha ziko nyuma, zinakuja.

Kwa hiyo siku tisa. Siku ya pili Rukaya alibeba mabeseni tisa na mablanketi yote hadi gulioni Handeni, akatandika chini. Wenye maduka walitaka kununua nusu ya bei, tena kwa kumsaidia. Kufika saa sita akapita Mama Twaha, jirani yao, akainama, akalitambua beseni lake lenye maua. Hakugomba. Aliligeuza chini, akalitazama, akalirudisha, akasema kumbe wengine wanapewa vitu ili wakafanyie biashara. Jioni ile Misima nzima ilikuwa na habari kwamba binti wa Mashavu hana shukrani.

Sokoni alipata laki moja na elfu sitini. Siku ya tatu mjomba alikwenda kukopa kwa wenzake wa vipuri, wakamkumbusha kwamba wametoka kula ng'ombe wake na kila mmoja alitoa zawadi. Siku ya sita akaacha kuja. Siku ya tisa Rukaya alishinda ndani. Baadaye aliwaandikia chuo kuomba aahirishe mwaka, akajibiwa kwa adabu kwamba anayeahirisha ni yule aliyekwisha kusajiliwa.

Rosina alipiga simu wiki iliyofuata, nyuma yake kuna kelele za wasichana na maji ya bomba. Rukaya alimweleza yote, beseni kwa beseni. Rosina hakucheka.

"Sasa kwa nini hukulipa nusu?"

"Nusu gani?"

"Nusu ya ada, ya muhula wa kwanza. Mimi nimelipa nusu. Enock wa huku kwetu Vugiri yuko hapo Moro, amelipa nusu, wamemsajili. Si imeandikwa kwenye barua?"

Rukaya alikata simu bila kuaga. Alitembea mpaka barabarani, akapanda bodaboda hadi Handeni, akaingia steshenari. Mwenye steshenari alimtafutia ile barua kwenye kompyuta, ikapatikana. Ilikuwa ukurasa wa tano, mistari mitatu: mwanafunzi ataruhusiwa kusajiliwa akilipa nusu ya jumla, na nusu ya pili ataimalizia muhula wa pili. Nusu ya milioni moja na laki mbili ni laki sita. Mama yake alikuwa na laki sita na nusu kwenye kitambaa.

Akaomba achapiwe ukurasa ule. Akalipa mia tano.

Nyumbani hakumwambia mtu. Mashavu alikuwa na gunia moja la mahindi la kumfikisha msimu ujao, na kumpa karatasi ile kungekuwa ukatili. Angemwambia mjomba, lakini alijua atakavyojibu: ungesema, mpwa wangu. Na angekuwa na haki. Hilo ndilo Rukaya hakuweza kulimeza, kwamba kila akitafuta wa kumlaumu anajikuta na yeye yumo. Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya jalada la kitambulisho cha shule.

Walimwambia ataomba tena mwakani. Mwakani ni neno zuri, ila halina ada ndani yake. Wakati huo huo chuo cha Korogwe kilikuwa bado kinapokea, na ada yake ilifikika kwa hela za gulioni, zile za bahasha, na chochote alichokamuliwa mjomba na Bi Shamsia. Cheti cha utunzaji wa kumbukumbu. Atajifunza kupanga mafaili ili watu wengine wapate karatasi zao.

Asubuhi ya kuondoka, Mzee Isihaka alimsindikiza stendi ya Handeni. Hawakuwa wamezungumza vizuri tangu sherehe. Alikuwa amebeba godoro begani na beseni jekundu mkononi, moja kati ya yale matano yaliyobaki, na kwenye mfuko wa shati alikuwa na fomu ya kujiunga ya Korogwe, yote, kurasa zote nne. Basi lilipokuwa linapakia mizigo akaitoa, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha ya mahitaji: shuka mbili, ndoo moja, blanketi moja. Kidole kikasimama. Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima.

"Beseni moja," alisoma. "Umeona, mpwa wangu? Vitu vile havikwenda bure."

Alisema kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Rukaya alimtazama mzee huyu aliyempenda na kummaliza, na mkono wake ukaenda mpaka kwenye jalada la kitambulisho, ukagusa ile karatasi, ukaiacha. Akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa, akapokea beseni kwa mikono miwili.

"Ahsante, mjomba," alisema, na alijua kwamba hatamsamehe, na kwamba mjomba hatajua kamwe kama kulikuwa na la kusamehewa.

Konda akafunga mlango. Dereva mmoja wa bodaboda, aliyekula pilau ya ile sherehe sahani mbili, alimwona dirishani, akainua mkono.

"Safari njema, Daktari."